Mchezaji wa Sita

Watu wazima wengi huona mchezo kuwa jambo dogo. Wakimkuta kijana ameinamia kioo cha kompyuta usiku, husema anapoteza wakati, na mara nyingine husema kweli. Lakini jambo dogo likiwakusanya watu wengi haliwi dogo tena. Atakaye kuujua mji hana budi kutazama jinsi watu wake wanavyofanya kazi, wanavyooana na wanavyozikana, na vilevile wanavyocheza; kwa maana mchezoni ndipo mtu ajifunzapo kungoja zamu yake, kushinda bila kiburi na kushindwa bila chuki. Kwa sababu hiyo nimeona si aibu kwa mwalimu kuandika habari za mchezo, na kuupima kwa mizani ile ile tupimiayo kitabu.

Mchezo ninaotaka kuupima huitwa Overwatch. Ulitungwa na kampuni ya Blizzard ya California, Marekani, ukatolewa tarehe 24 Mei 2016. Ni mchezo wa shabaha uchezwao kwa njia ya intaneti: timu mbili hukutana katika uwanja wa kubuni, na kila mchezaji huchagua shujaa mmoja mwenye silaha na uwezo wake wa pekee. Mashujaa wamegawanywa katika kazi tatu. Wako washambuliaji, ambao kazi yao ni kupiga. Wako wasaidizi, ambao kazi yao kubwa ni kuwaponya wenzao. Na wako walinzi, wenye nguvu ya kustahimili, wengi wao wenye ngao, ambao kazi yao ni kusimama mbele na kuyapokea mapigo ili wengine wapate nafasi ya kutenda. Katika mchezo huo wa kwanza kila timu ilikuwa na watu sita, na tangu mwaka 2019 sheria ya mashindano yake iliwataka wawe walinzi wawili, washambuliaji wawili na wasaidizi wawili.

Tarehe 4 Oktoba 2022 ukatolewa mchezo wa pili, Overwatch 2. Mambo mengi yalibadilika, lakini mawili ndiyo mazito. La kwanza, timu ilipunguzwa kutoka watu sita hadi watano, na aliyeondolewa alikuwa mlinzi mmoja. La pili, mchezo wa kwanza ulifungwa. Mtu hakuachiwa hiari ya kuubakia wa zamani na kuuacha mpya. Zile kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizouendesha mchezo wa kwanza, zilizimwa siku moja kabla, na aliyekuwa ameununua kwa fedha zake akakuta umebaki mlango mmoja tu, nao ni wa mchezo mpya.

Hukumu ya haki huanza kwa kumsikiliza mshitakiwa. Watungaji walikuwa na sababu zao, tena si za kipuuzi. Kazi ya ulinzi haipendwi na wengi. Kila pambano lilihitaji walinzi wanne, wawili kila upande, nao hawakupatikana upesi. Basi waliotaka kushambulia walikaa foleni muda mrefu kabla ya kuingia uwanjani. Mlinzi mmoja alipopunguzwa kila upande, foleni nazo zikapungua. Tena ngao zilikuwa zimezidi katika mchezo wa kwanza, hata pengine timu mbili zilisimama zikipiga ngao badala ya kupigana. Mchezo mpya ukawa mwepesi, wa haraka, na mkono wa mtu mmoja ukaonekana zaidi. Tena ulitolewa bure, na sisi wa visiwani, tunaojua thamani ya shilingi, hatuwezi kuidharau ruhusa ya kuingia bila kulipa.

Hayo ni mema, na asiyeyataja si mhakiki bali ni mgomvi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza pia: yamepatikana kwa bei gani, na ni nani aliyeilipa?

Tuchukue mfano. Tuseme wako rafiki sita waliosoma pamoja hapa Amu. Mmoja amebaki akifundisha, mmoja yuko Mombasa, mmoja Unguja, wawili wanafanya kazi Maskati na mmoja Dubai. Zamani watu kama hao wangengoja pepo za kaskazi, ili majahazi kutoka Uarabuni yalete barua na salamu. Leo waya mmoja wa chini ya bahari, uliotua Mombasa mwaka 2009, unatoka Fujairah kwa njia ya bahari ile ile, na maneno hupita mara moja. Rafiki hawa hukutana katika mchezo kila Ijumaa usiku. Mtu akiwasikiliza atagundua kwamba nusu ya maneno yao si ya mchezo: ni nani ameoa, mama wa nani mgonjwa, nyumba ya nani imepata mpangaji. Wanapiga shabaha, lakini hasa wanabarizi. Ile timu ya watu sita ndiyo baraza yao, na baraza yenyewe ina nafasi sita kamili.

Sasa asubuhi moja mwenye baraza amekuja akavunja nafasi moja. Hakumfukuza mtu yeyote kwa jina. Amepunguza nafasi tu. Nani abaki nje? Katika kundi la watu waungwana hakuna atakayemwambia mwenzake, "Ondoka wewe." Atakayeondoka ni mwenye haya kuliko wote. Atasema, "Chezeni tu, ndugu zangu, mimi leo nimechoka." Ijumaa ya kwanza atapumzika kwa adabu. Ijumaa ya pili atapumzika kwa sababu ya kwanza alipumzika. Ijumaa ya tatu hawatamngoja. Hakuna aliyetenda kosa, wala hakuna ugomvi wa kupatanishwa. Na kwa kuwa hakuna ugomvi, hakuna mzee atakayekuja kusuluhisha. Hivyo ndivyo urafiki ufavyo kwa hesabu.

Yamkini msomaji atasema: si wangepokezana zamu, au wangegawanyika watatu watatu? Wangeweza, na wengine wamefanya hivyo. Lakini kupokezana zamu ni dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao, na kugawanyika watatu watatu ni kuitibu baraza kwa kuipasua.

Hasara ya pili imempata yule mlinzi aliyesalia. Wasomaji waliotazama mashindano ya mashua mbele ya Amu au Shela watakumbuka ubao mrefu unaotokeza nje ya ubavu wa chombo. Upepo unapolijaza tanga na chombo kulalia upande mmoja, baharia hutoka juu ya ubao huo akaning'inia juu ya maji, ili uzito wake ukisimamishe chombo. Yeye hakushika usukani wala hakushika kamba ya tanga. Mgeni aliyesimama ufukweni angeweza kusema: mtu huyu hana kazi, mpunguzeni chombo kiwe chepesi. Upepo mkali wa kwanza ungemjibu. Walinzi wa Overwatch walikuwa ndio watu wa ubaoni. Walipokuwa wawili, mmoja akikosea mwenzake alimfunika. Sasa yuko mmoja, na akianguka yeye timu nzima hulala. Ndiyo maana wachezaji wengi walilalamika kwamba mlinzi wa mchezo mpya hubeba lawama zote za kushindwa. Kazi iliyokuwa haipendwi kwa sababu ni ngumu ilitibiwa kwa kufanywa ngumu zaidi.

Yuko shujaa mmoja ambaye habari yake yatosha kuonyesha njia iliyofuatwa. Jina lake ni Orisa, na katika hadithi ya mchezo anatoka Numbani, mji wa kubuni wa Afrika. Si mtu bali ni mashine, iliyoundwa na mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 11, aitwaye Efi, ili iwalinde watu wa mji wake. Katika mchezo wa kwanza Orisa aliweza kusimika ngao kubwa mbele yake, na wenzake wakajificha nyuma yake. Katika mchezo wa pili ngao hiyo aliondolewa, akapewa mkuki wa kurusha. Sikatai kwamba Orisa wa pili apendeza kumtazama. Ana nguvu, anasonga mbele, na mkuki wake huwasukuma adui. Lakini wa kwanza alikuwa ukuta wa wenzake, na wa pili ni shujaa wa nafsi yake. Badiliko hilo la kifaa kimoja ni badiliko la maana nzima: mchezo uliofundisha kukinga umefundishwa kusifu kupiga.

Hasara ya tatu ni ya fedha. Katika mchezo wa kwanza kila shujaa mpya alitolewa kwa wachezaji wote sawasawa. Katika wa pili, aliyelipa alimpata shujaa mpya mara moja, na asiyelipa alipaswa kucheza siku nyingi ndipo ampate. Desturi hiyo iliondolewa mwaka 2024, lakini kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi mlango ulioitwa wa bure ulikuwa na kizingiti ndani yake.

Haya yote yangevumilika kama mchezo wa zamani ungaliachwa uishi. Hapo ndipo penye kiini cha kesi hii, na ili kukiona vizuri turudi kwenye bao letu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na si mchezo wa kujua kwa siku moja. Basi pwani yetu ina pia bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo. Ni jepesi na la haraka, na watoto hulipenda. Je, lilipotokea bao jepesi, wazee walilichoma bao kubwa? Hawakulichoma. Yote mawili yamekaa pamoja, na mtoto akikomaa huhamia la pili kwa hiari yake. Bao halina mwenyewe. Mwenye ubao na kete anacheza, na sheria haibadiliki ila wawili waliokaa wakubaliane. Lakini mchezo wa intaneti una mwenyewe, naye ameshika ubao, ameshika kete, na baraza pia ni yake. Akiondoka na ubao, hata mabingwa wa dunia nzima hawana la kuchezea.

Jambo hili si la Overwatch peke yake. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mchezo wa magari uitwao The Crew, na walioununua hawakuweza tena kuucheza. Wachezaji wa Ulaya wakaanzisha ombi la kutaka sheria izuie michezo iliyouzwa isiuawe namna hiyo, na mwaka 2025 ombi hilo lilipata saini zaidi ya milioni moja. Watu wengi kiasi hicho hawatii saini kwa ajili ya upuuzi. Wamekwisha tambua kwamba walichonunua hakikuwa chao.

Na yaliyofuata katika mchezo wetu? Mchezo wa pili ulipotangazwa mwaka 2019, sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa sehemu mpya ya hadithi ambamo wachezaji wangeshirikiana dhidi ya adui wa kompyuta na kuwakuza mashujaa wao. Mwezi Mei 2023 kampuni ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya ahadi hiyo haitatimizwa. Mwezi Agosti mwaka huo mchezo ulipowekwa katika duka la Steam, ambako kila mchezaji aweza kuandika maoni yake, lawama zilimiminika kama mvua ya masika. Hatimaye, mwezi Desemba 2024, watungaji walianza kuijaribu tena timu ya watu sita, na mwaka 2025 uwanja wa sita ukaendelea kuwapo kando ya uwanja wa watano. Nawasifu kwa hilo. Kujirudi si aibu, na wengi wenye nguvu hawajui kujirudi. Lakini nafasi ya sita iliporudishwa, ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi. Kiti hurudishwa kwa siku moja. Aliyekikalia huenda amekwisha zoea kukaa peke yake.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Overwatch 2 si mchezo mbaya kwa anayekuja peke yake, mwenye dakika chache na hamu ya ushindi wa haraka. Ni mchezo mbaya kwa waliokuwa pamoja kabla yake. Kosa lake si kubadilika, maana kila kilicho hai hubadilika. Kosa lake ni kuhesabu nafasi bila kuhesabu watu, na kuuvunja mlango wa zamani kabla ya mpya kuthibitika. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbacha haukuachwa na wenyewe, bali ulivutwa chini yao wangali wameketi.

Nanyi wanafunzi msomao haya, baadhi yenu mtakuwa manahodha, wengine walimu, wengine watungaji wa michezo kama hii, na visiwa vyetu havikosi vijana wenye akili ya kazi hiyo. Siku moja mtaombwa kupunguza: meza darasani, mabaharia chomboni, wachezaji katika timu. Huenda sababu zitakuwa njema. Kabla ya kupunguza, ulizeni ni nani atakayesema kwa adabu kwamba amechoka, kisha mwendeeni kwake mkamsikilize.