"Maji Kwenye Mapafu": Jina Moja, Hali Mbili

Istilahi ya tiba haitoshi kueleweka tu. Yapasa pia itenganishe kitu na kitu. Kwa kigezo hiki twaona kwamba "maji kwenye mapafu", jina litumikalo sana katika maelezo ya afya, lina kasoro kubwa, kwani limebebeshwa hali mbili zilizo mbalimbali.

Hali ya kwanza hutokea pale upande wa kushoto wa moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo. Damu hurundikana katika mishipa ya mapafu, na majimaji hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Hali ya pili ni majimaji kukusanyika nje ya pafu, baina ya tando zake mbili. Haya ya pili daktari aweza kuyavuta kwa sindano. Yale ya kwanza hayavutiki, bali hupunguzwa kwa dawa za kuongeza mkojo. Mgonjwa wa moyo aweza kupatwa na hali zote mbili. Tunapendekeza basi "maji ya mapafuni" kwa hali ya kwanza, na "maji ya utandoni" kwa ya pili.

Haja hii inadhihirika zaidi katika upimaji. Kifaa kiitwacho ReDS hupitisha kifuani mawimbi ya sumakuumeme yenye nguvu ndogo, na kuonyesha maji ya mapafuni kwa asilimia. Kiwango cha kawaida ni 20 hadi 35. Upimaji wa aina hii baadhi ya waandishi huuita "usio vamizi". Hatuafiki, kwani kuvamia ni kazi ya majambazi, si ya waganga. "Bila upasuaji" nako hakutoshi: CardioMEMS, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupitishwa katika mshipa wa kinenani hadi kwenye ateri ya mapafu, kifua hakipasuliwi, lakini kifaa hubaki mwilini. "Upimaji wa nje" ni istilahi fupi na sahihi. Yaingiza hata mizani ya nyumbani, ambayo kwayo mgonjwa aliyeongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3 hutakiwa kumwarifu daktari wake.

Mgonjwa anayedhani kwamba maji yake yangoja sindano hawezi kuona umuhimu wa mizani hiyo. Tunawaomba madaktari, wauguzi na wafasiri wazijaribu istilahi hizi na kutuletea maoni yao.