Mkono Ndani ya Herufi: Vibao vya Kasese na Bwera

Katika jina KASESE, mji wa Uganda, S na E hupokezana. Likichorwa kwa brashi bapa juu ya mlango wa duka, tabia za herufi hizo hujitokeza. E huvutwa mara moja kwenda chini na mara tatu kwenda kulia. Mchoraji asipogeuza brashi, nguzo hunenepa na mikono hukonda. S haina pa kupumzikia: hupinda, hukata katikati, hupinda tena, na unene wake hukusanyika mgongoni. Ni nadra S mbili za kibao kimoja kulingana, na hapo ndipo jina hupata mwendo.

Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, mtihani ni jina LHUBIRIHA. Herufi nane kati ya tisa huanza na nguzo wima. A ya mwisho pekee ndiyo huinama. Mkono usio na uzoefu hulifanya jina hilo ua wa fito. Fundi hufupisha mguu wa L ili H isogee, huyapanua matumbo ya B na R, kisha huzipa I nafasi ya kupumua. Nafasi hizo hazilingani kwa rula, ila jicho huziona sawa.

Ufundi huu si pambo lililoongezwa juu ya herufi, ndio uliozipa umbo. Mwaka 1968 Padre Edward Catich, aliyewahi kuchora vibao Chicago, alitetea hoja kwamba maandishi ya Kirumi kwenye nguzo ya Trajan, ya mwaka 113, yalichorwa kwa brashi bapa kabla ya kuchongwa. Korea inatoa ushahidi mwingine. Hangul, alfabeti ya Mfalme Sejong, ilitangazwa mwaka 1446 ikiwa na mistari ya unene mmoja, na irabu zake nyingi zilikuwa na nukta za mviringo. Mwandishi mwenye brashi alipoigusa nukta, aliivuta. Ikawa mstari mfupi, na ndivyo inavyochapishwa hadi leo.

Bango la kompyuta hurudia S ileile popote linapowekwa, liwe Kasese au Kampala. Kibao cha mkono huipima kila herufi kwa jirani yake na kwa upana wa ukuta. Kwa hiyo kinastahili kuhakikiwa kama shairi, herufi kwa herufi, na wachoraji wake watambuliwe kuwa waandishi.