Subira Ndani ya Chupa ya Coquito

Krismasi inapokaribia, majiko ya Puerto Rico hunukia nazi na mdalasini. Ni msimu wa coquito, kinywaji kizito cha tui, maziwa matamu, viungo na ramu, kinachonywewa baridi kwa vigilasi vidogo kama kitindamlo. Viambato vyake hupatikana kirahisi. Ninachokistahi ni utulivu wa mtengenezaji, kwa sababu kila hatua aliyoiharakisha huonekana kwenye gilasi.

Kazi huanza na nazi. Wengi siku hizi hutumia za kopo, pamoja na krimu tamu ya nazi iliyobuniwa kisiwani humo na Ramón López Irizarry. Wapo bado wanaokuna wenyewe, wakamimina maji ya moto kidogo, wakakamua na kuchuja. Wanachotaka ni tui la kwanza tu. La pili hukifanya kinywaji kiwe chepesi. Mtu wa Pwani akiwatazama atajiona nyumbani, na kweli pana udugu: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya pwani za Atlantiki ina asili ya Bahari ya Hindi, ikavushwa na mabaharia wa Kizungu.

Kwenye viungo ndipo ustadi unapojitokeza. Vijiti vya mdalasini, karafuu chache na kipande cha tangawizi huchemshwa kwa maji kidogo, moto mdogo, mpaka maji yageuke rangi ya chai. Karafuu ikizidi, nazi haisikiki tena. Mdalasini wa unga ukitiwa kwa wingi huelea na kuacha chengachenga ulimini, ndiyo maana fundi huchagua vijiti na chujio. Kisha huacha maji yale yapoe kabisa.

Sasa huchanganya: kwa mililita 400 za tui na kopo moja la maziwa mazito matamu, hutia maji ya viungo, vanila na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akipenda utamu zaidi huongeza ile krimu ya nazi. Ramu huja mwisho, kikombe kimoja hivi, na huja mchanganyiko ukiwa umepoa, maana joto huirusha harufu yake. Ramu yenyewe imeshangoja: sheria ya Puerto Rico inataka ikae kwenye mapipa ya mwaloni angalau mwaka 1.

Chupa hulala kwenye friji usiku kucha, ladha zikizoeana. Asubuhi utando mgumu huwa umeziba shingo ya chupa, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mzoefu hashtuki wala hachemshi. Huitoa chupa nje kidogo, akaitikisa kwa nguvu mpaka uzito urudi sawasawa, ndipo akamimina na kunyunyiza mdalasini kiduchu juu.

Msimu huendelea hadi Sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari 6, na hata baada yake. Katika siku hizo makundi ya marafiki huzunguka usiku wakiimba na kupiga ala, wakiamsha nyumba moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba aliyejiandaa hafanyi pilikapilika. Hutikisa chupa, humimina, na wageni hufaidi papo hapo kazi ambayo yeye aliingojea tangu jana.