Zuio la Muda Si Hukumu: Kasoro Katika Mafunzo Yetu

Wapo ndugu zetu, hata miongoni mwa wakufunzi, wanaodhani kwamba mtu akishasema mahakama ni chombo cha tabaka linalotawala amemaliza kazi ya uchambuzi. Nami nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haimsaidii lolote mkulima aliyeletewa karatasi yenye mhuri inayomkataza kuingia shambani.

Tutazame hali halisi. Shauri la madai huanza kwa hati ya madai. Mdaiwa hujibu kwa maandishi. Kisha huja ushahidi na hukumu. Njia hiyo ni ndefu, na kabla ya kufika mwisho wake mali inayogombewa yaweza kuuzwa au kubomolewa. Ndiyo sababu Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa Tanzania mwaka 1966, inairuhusu mahakama kuzuia kwanza na kuamua baadaye. Zuio halisemi nani mwenye haki. Katika kijiji kimoja nilikokwenda kuendesha semina, tajiri wa mjini alikuwa ameomba zuio juu ya shamba la wanakijiji; kiongozi wao akalichukua kuwa hukumu, akawatangazia kwamba wameshindwa, na hakuna aliyekwenda kupinga.

Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969, mwombaji hupimwa kwa maswali matatu, na hana budi kuyatimiza yote. Je, ana hoja nzito ya kusikilizwa, yenye dalili za kushinda? Je, asipolindwa sasa atapata hasara isiyorekebishika? Na je, nani ataumia zaidi: yeye akinyimwa zuio, au mwenzake likitolewa?

Swali la pili ndilo lenye siasa ndani yake. Kwa kawaida hasara inayoweza kufidiwa kwa fedha haihesabiwi kuwa isiyorekebishika. Hicho ni kipimo cha jamii ya wafanyabiashara, ambako karibu kila kitu kina bei. Mkulima anayeomba zuio dhidi ya mvamizi, akaandika katika kiapo chake kwamba "nitapata hasara kubwa", amejifunga mwenyewe, maana hasara kubwa nayo hulipika. Akieleza kwamba shamba hilo ndilo chakula cha nyumba yake, kwamba msimu ukipita haurudi, kwamba makaburi ya wazee wake yamo humo, hapo amelijibu swali aliloulizwa. Akiwa yeye ndiye anayezuiwa, maelezo hayo hayo huingia katika swali la tatu. Hili halitaki usomi mkubwa. Linataka kada anayeyajua maswali.

Tena zuio lina ukomo: halizidi miezi 6, na hata likiongezwa, jumla haipiti mwaka 1. Niliwauliza wanakijiji wale lao lilitolewa lini. Ikabidi karatasi itafutwe katika sanduku la mtendaji. Tarehe yake ilikwisha pita miezi 18, na shamba lilikuwa limegeuka pori.