Kurudiwa kwa Wimbo na Kurudiwa kwa Kitabu: Ushairi wa Kikristo na Sayansi ya Kale katika Homa Bay na Migori

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika Afrika Mashariki umezoea kumlaki mtunzi siku kitabu chake kinapotoka kwa mara ya kwanza. Huuliza ameleta jambo gani jipya katika fani na maudhui, na ukishapata jibu, hukiacha kitabu kiendelee na safari yake. Kitabu kinachorudi, yaani kinachochapishwa upya miaka ishirini au arobaini baada ya kuandikwa, aghalabu hakipati mhakiki. Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kulinganisha aina mbili za maandishi ambayo uhai wake hutegemea kurudiwa: ushairi wa Kikristo wa kutia moyo, na vitabu vya kale vya sayansi vinavyotolewa tena bila kubadilishwa. Mifano mingi imechotwa katika eneo la Homa Bay na Migori, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, ambako aina zote mbili zina historia ndefu na, kama itakavyoonyeshwa, zina chimbuko linalokaribiana.

Dai la msingi ni kwamba kuchapisha upya si tendo moja. Shairi la ibada likirudiwa hutimiza kazi lililotungiwa. Kitabu cha sayansi kikirudiwa huacha kazi kilichoandikiwa na kuanza nyingine. Mhakiki asiyeyatenga matendo hayo hulidhulumu shairi kwa kulidai upya ambao halikuuahidi, na hukipendelea kitabu cha sayansi kwa kukiachia mamlaka ambayo kimekwisha kuyapoteza.

Wimbo na Mtambo wa Gendia

Misheni ya Waadventista Wasabato ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906 chini ya uongozi wa Arthur Carscallen. Mwaka wa 1913 mtambo wa kupigia chapa uliwekwa hapo, na Carscallen mwenyewe aliandika sarufi ya Dholuo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mahali hapo kusoma na kuimba vilifundishwa pamoja. Aliyejifunza herufi alizitumia kwanza katika Maandiko na katika nyimbo, na nyimbo zilimsaidia asiyejua kusoma kuyahifadhi maneno moyoni. Ushairi wa Kikristo wa eneo hili, kwa hiyo, ulizaliwa ukiwa maandishi na sauti kwa wakati mmoja.

Hali hiyo inaeleza kwa nini nadharia za ushairi wa Kiswahili zimeshindwa kuupangia nafasi. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliweka vina na mizani kuwa msingi wa utunzi. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliufungulia mlango ushairi usiofuata arudhi hiyo. Mgogoro uliofuata uligawa watunzi na wahakiki kwa muda mrefu, lakini wimbo wa kanisani haukutajwa sana na upande wowote. Haukuwa na vina vya kutosha kuwaridhisha wanamapokeo, wala haukuwa na uasi wa kuwavutia wanamabadiliko. Kitabu cha Tenzi za Rohoni ni mfano bora wa mkanganyiko huo: jina lake linadai bahari ya utenzi, ilhali nyimbo zilizomo zimepimwa kwa lahani za Ulaya na Marekani, wala hazifuati mizani nane za mishororo minne inayofungwa na kina cha bahari. Anayetaka kuona Injili ikitungwa kwa arudhi ya utenzi hasa hana budi kuwageukia watunzi kama Mathias Mnyampala wa Tanzania, aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu.

Lahani ndiyo iliyoushinda utungo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali lahani nyingi za kigeni huutua uzito wake kwenye noti ya mwisho ya mshororo. Neno kama "mwokozi", ambalo katika usemi lina mkazo kwenye silabi "ko", huweza kuimbwa uzito ukiwa juu ya "zi". Katika Dholuo tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa ni lugha ya toni: lahani inaweza kupanda pale ambapo toni ya neno inashuka, na msikilizaji akalazimika kuipata maana kwa muktadha. Kwa mizani ya kawaida ya uhakiki, basi, nyimbo hizo ni tungo zenye kasoro. Zimedumu kwa sababu gani?

Jibu limo katika kurudiwa kwenyewe. Mshororo uliokwaza masikio ya kizazi cha kwanza huacha kukwaza unapoimbwa kwa kizazi cha tatu. Kasoro yake hugeuka kuwa desturi ya utamkaji, na desturi hiyo ikawa alama ya ibada. Mwimbaji hatafuti habari katika ubeti anaoujua. Anauingia kama mtu anavyoingia nyumbani gizani, pasipo kupapasa. Ubeti mmoja huimbwa harusini, huchapwa katika kijitabu cha ratiba ya mazishi, hutiwa katika kadi ya pole, na kila mara humpata mtu mwingine katika shida nyingine. Kulilaumu shairi la namna hiyo kwamba halina jipya ni sawa na kuilaumu salamu kwamba ilitolewa pia jana.

Hata hivyo, isichukuliwe kwamba kila tungo la kutia moyo ni zuri mradi linapendwa. Kurudiwa ni chujio. Tungo ambazo zimerundika majina ya fadhila, kama vile amani, upendo na tumaini, bila taswira ya kuyabeba, husomwa siku moja na kutupwa pamoja na kalenda iliyozichukua. Zinazobaki ni zile ambazo taswira yake imepata makao. Mathalani, taswira ya chombo kinachopigwa na dhoruba ililetwa katika nyimbo nyingi kutoka kwa mabaharia wa Ulaya, lakini kwa wavuvi wa Rusinga na Mfangano dhoruba si sitiari tupu, kwani ziwa huzama watu wanaojulikana kwa majina. Kwa upande mwingine, taswira ya theluji haikupata pa kushika mizizi. Huimbwa, lakini haiwashi kitu. Huo ndio mzani unaoufaa ushairi huu: taswira iulizwe kama imepata mwenyeji.

Kitabu Kilichorudi na Makosa Yake

Kilomita chache kutoka Gendia kunasimama Mlima Homa, na kwenye miteremko yake kuna Kanam na Kanjera. Mwaka wa 1932 Louis Leakey alipata huko kipande cha taya na vipande vya mafuvu, akavitaja kuwa ushahidi wa ukale mkubwa wa binadamu wa umbo la kisasa. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka wa 1933 uliyapokea madai hayo kwa wema. Lakini mwanajiolojia P. G. H. Boswell alipozuru mahali hapo, Leakey hakuweza kumwonyesha kwa uhakika vitu hivyo vilipotoka. Vigingi vya chuma alivyoacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha alizozitegemea zilikuwa na dosari. Mnamo Machi 1935 Boswell aliyatangaza mashaka yake katika jarida la Nature. Mwaka huohuo kitabu cha Leakey, The Stone Age Races of Kenya, kilitoka kikiwa na dai lilelile. Utafiti wa baadaye haukulithibitisha.

Msomaji wa leo anayekipata kitabu cha namna hiyo, au toleo jipya la kitabu cha enzi hiyo, anapewa nini? Leakey mwenyewe alitoa majibu mawili tofauti. Adam's Ancestors, kilichotoka mwaka wa 1934, alikiandika upya kwa ajili ya toleo la nne la mwaka wa 1953; hapo mwandishi alikiri kwa vitendo kwamba elimu imesogea na kitabu sharti kisogee nayo. Lakini The Stone Age Cultures of Kenya Colony, cha mwaka wa 1931, kilichapishwa tena London mwaka wa 1971 kama kilivyokuwa, huku mpangilio wake wa enzi za mvua, uliotumiwa kupimia umri wa tabaka za ardhi, ukiwa umekwisha kuachwa na wanasayansi. Toleo la kwanza ni kitabu cha sayansi kinachoendelea. La pili ni hati: linaonyesha jinsi watu walivyofikiri, na haliwezi tena kutumiwa kupimia ardhi.

Hapo ndipo mhakiki wa fasihi anapopata kazi ambayo mwanasayansi hana haja nayo. Kitabu cha sayansi kilichopoteza ukweli wake hubaki na usimulizi wake. Vigingi vya Kanam ni mfano. Katika masimulizi ya upande wa kisayansi, wenyeji waling'oa vigingi kwa kuwa chuma kilikuwa na matumizi, na kwa tendo hilo walichangia kuharibu ushahidi. Wenyeji hao hawana majina wala kauli. Wamo katika hadithi kwa sababu tu waliivuruga. Mhakiki hana budi kuuliza: ni nani aliyewaeleza maana ya vyuma hivyo vilivyosimikwa katika malisho yao? Matini haina jibu, na ukimya huo ni sehemu ya maana yake. Kitabu kikichapwa tena bila utangulizi wala maelezo, ukimya huo nao unachapwa tena.

Tofauti na wimbo inajitokeza wazi. Wimbo wa Gendia nao uliletwa na mgeni, lakini kila ulipoimbwa mwenyeji alikuwa msemaji wake; aliubadili mdomoni hata pale kitabu kilipokataa kubadilika. Kitabu cha sayansi hakikumwachia nafasi hiyo.

Undugu wa Aina Mbili

Pamoja na tofauti hizo, aina hizi mbili si za koo zisizojuana. Leakey alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mwana wa wamisionari, na katika ujana wake alinuia kuifuata kazi ya wazazi. Kichwa cha Adam's Ancestors kimejengwa juu ya Kitabu cha Mwanzo: kinamtaja mtu wa kwanza wa Maandiko ili kumpa wahenga ambao Maandiko hayawataji. Ni kichwa cha mtu aliyelelewa katika kuimba, na nguvu yake humfikia tu msomaji anayemjua Adamu tayari. Sayansi hapa imeazima kumbukumbu iliyojengwa na ibada.

Migori inatoa kielelezo cha upande wa pili. Kanisa la Legio Maria, lililoanzishwa mwaka wa 1963 na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walipojitenga na Kanisa Katoliki, lina mahali pake patakatifu huko Got Kwer. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji zitumike zaidi katika ibada. Kanisa mama likaanza kuiacha Kilatini, na kanisa la Kiafrika likaendelea kuitumia katika sala zake. Anayedhani kurudia ni uvivu wa fikra na ajiulize kuhusu tendo hilo: waumini walioondoka kwa hiari yao walichagua kurudia maneno ambayo wenye mamlaka nayo walikuwa wakiyapunguza. Kurudia kulikuwa tamko la umilikaji.

Hitimisho

Mwaka wa 2023 jarida la Science lilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Nyayanga, katika Rasi ya Homa: zana za mawe za Kioldowani zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi, pamoja na meno ya Paranthropus. Ardhi iliyomwaibisha Leakey imetoa ukale mkubwa kuliko aliouota, ingawa si wa kiumbe aliyemtafuta. Mwanafunzi wa Homa Bay anayesoma kitabu cha mwaka wa 1935 bila kuambiwa habari ya Boswell wala ya Nyayanga anapotoshwa kuhusu udongo wa nyumbani kwao.

Kutokana na hayo, maktaba na idara za fasihi zinapaswa kudai kwamba kila toleo la kitabu cha kale cha sayansi liwe na utangulizi unaoeleza kilichokanushwa, kilichothibitishwa na walionyamazishwa. Ushairi wa Kikristo hauhitaji utangulizi wa namna hiyo. Unahitaji kukusanywa jinsi unavyoimbwa, pamoja na mabadiliko ambayo midomo ya waumini imeyatia. Wimbo hulindwa na wanaourudia. Kitabu cha sayansi kilichorudi hakina mlinzi wa namna hiyo, na ndiyo maana kinamhitaji mhakiki.