Rangi Shingoni

Mlima Meru hauwatendei sawa majirani zake. Upande wa kusini na mashariki, kule Tengeru na Usa River, mvua hunyesha, migomba na mibuni hustawi mpaka kando ya lami. Ukishika barabara ya Namanga ukaiacha Ngaramtoni nyuma, mlima ule ule wa zaidi ya mita 4,500 unakuonyesha ubavu mkavu. Huko ndiko Oldonyo Sambu: vumbi la kijivu, migunga, punda wenye madumu ya maji, na upepo usiojua kupumzika. Siku ya mnada, katika nchi hiyo ya rangi chache, akina mama wa Kiarusha na wa Kimaasai hufika wakiwa wamezivaa shingoni rangi ambazo ardhi imewanyima.

Tumezoea kuuita ushanga ule pambo la asili, tukapiga picha na kuendelea na safari. Nadhani unastahili zaidi ya hapo. Ushanga bapa wa shingoni, ule mpana unaolala begani kama sahani, ni uchoraji dhahania uliokamilika. Hauigi mti, mnyama wala uso wa mtu. Unamtaka mtazamaji atosheke na rangi, umbo na nafasi, na ukitungwa na fundi wa kweli, anatosheka.

Kazi huanza na ngozi na waya. Fundi hukata vipande vyembamba vya ngozi ya ng'ombe, au siku hizi vya plastiki kutoka kwenye dumu lililopasuka, akavitoboa matundu yaliyofuatana. Vipande hivyo ndivyo vinavyoshikilia umbo zima. Shanga hutungwa kwenye waya, waya hupitishwa kwenye matundu, mduara baada ya mduara, kutoka shingoni kuelekea begani. Na hapo hesabu inaingia. Ikiwa shanga zina upana na urefu unaokaribiana, kila mduara mpya utadai shanga sita au saba zaidi ya ule ulio ndani yake, uwe mduara mdogo au mkubwa. Ndivyo duara lilivyoumbwa. Fundi anayetaka mpaka wa nyekundu na buluu unyooke kutoka ndani hadi ukingoni hana budi kuigawa nyongeza hiyo kati ya rangi zake kila mara, bila kuipendelea moja. Akikosea kidogo, mpaka unapinda. Akikosea sana, mnada mzima unaona. Na haya yote huenda kichwani na vidoleni, mtoto akiwa mgongoni na maongezi yakiendelea kivulini.

Lakini hesabu humpa fundi usahihi tu. Uzuri unatoka kwingine. Watalii hupewa orodha ya maana: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani ya malisho. Wenye shanga nao husema hivyo, na sina ugomvi nao. Hata hivyo orodha hiyo haielezi kwa nini kati ya shanga mbili zenye rangi zile zile, moja inakusimamisha na nyingine unaipita. Jibu liko kwenye ujirani wa rangi. Nyekundu huwekwa karibu na kijani, buluu karibu na rangi ya chungwa. Kila moja humchochea mwenzake aonekane mkali kuliko alivyo. Mwaka 1839 Michel Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo, na wachoraji wa Ulaya wakajifunza kwake. Mafundi wa Umaasaini wamelifikia kwa macho yao wenyewe, wakaongeza ufumbuzi wao: kuikata rangi. Kati ya majirani wawili wakali huingizwa mstari mwembamba mweupe au mweusi. Uondoe, rangi zitagombana. Unenepeshe, zitasahauliana. Ustadi wa kutunga shanga, kwa kadiri ninavyouelewa, ni kujua mahali rangi inapopaswa kukoma.

Shanga zenyewe si mali ya mlima huu. Ni vioo vilivyotengenezwa Venice na Bohemia, vikapanda kutoka pwani kwa misafara. Mtu anaweza kudhani kwamba mgeni alileta alichotaka na mwenyeji akapokea alichopewa. Kumbukumbu za misafara zinasema kinyume. Msafiri Richard Burton, aliyeingia bara kutoka pwani mwaka 1857, aliandika kwamba biashara hiyo ilikuwa na aina za shanga zipatazo 400, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Nyekundu moja watu waliipapatikia hadi ikaitwa kivunja-mji. Mwaka 1883 msafiri mwingine, Joseph Thomson, akiwa Taveta tayari kuingia Umaasaini, alilazimika kuwaweka watu chini wazitunge upya shanga zake, nyuzi makumi ya maelfu, kwa urefu uliokubalika na Wamaasai. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo bure. Kwa hiyo wapo wanawake waliokaa chini ya milima yetu, bila kuiona bahari, ambao uchaguzi wao ulifika mpaka kwenye tanuri za Ulaya ukaamua rangi gani iyeyushwe. Mhakiki gani wa sanaa amewahi kuwa na nguvu hiyo?

Nikiutazama ushanga huu, humkumbuka mchoraji mmoja wa Marekani, Alma Thomas. Alizaliwa mwaka 1891 Columbus, Georgia, akakulia Washington, na mwaka 1924 akawa wa kwanza kuhitimu katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Howard. Alifundisha shule moja ya watoto weusi mjini humo hadi alipostaafu mwaka 1960. Wakati huo New York ilikuwa imejaa sifa za wanaume wa uchoraji dhahania waliochipuka baada ya vita: Jackson Pollock aliyemwaga rangi kwenye turubai lililolala sakafuni, Mark Rothko na mawingu yake makubwa ya rangi. Bibi huyu mstaafu, akisumbuliwa na baridi yabisi, alikaa nyumbani akitazama jua likipenya kwenye majani ya mti nje ya dirisha, akaanza kupaka vipande vifupi vya rangi, kimoja baada ya kingine, katika mistari na miduara, akiacha nyufa nyeupe kati yao. Mwaka 1966 alichora Resurrection, miduara ya rangi iliyozungukana kutoka katikati hadi kingoni. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Alifariki mwaka 1978, na baadaye Resurrection ikatundikwa Ikulu ya Marekani.

Weka picha hiyo kando ya ushanga wa Oldonyo Sambu. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninachosema ni kwamba wote wawili walikabili swali moja: utaipangaje rangi kwa vipande vidogo, katika mduara, hadi kitu kisichosogea kianze kucheza? Alma Thomas alijibu kwa kuacha nyufa. Fundi wetu hujibu kwa kukata.

Fundi wetu amebeba pia mtihani ambao turubai halijui. Picha hutulia ukutani. Ushanga hupimwa ukiwa mwilini, juani, ukienda. Katika ngoma wasichana hurusha mabega, miduara inapanda na kushuka, na mpangilio uliopendeza ukiwa mapajani mwa fundi unaweza kupotea kabisa katika mwendo. Tena hautungwi mara moja ukabaki vile vile miaka yote. Kila rika la morani huja na mitindo yake, na wasichana wa wakati huo hutunga tofauti na mama zao. Mjuzi anaweza kutenganisha shanga za enzi ya rika la Makaa na zile za Landisi au za Koriang'a. Sanaa hii ina historia yenye vipindi, kama ilivyo ile ya Paris na New York, ila haijaandikwa vya kutosha.

Leo soko linaisukuma pengine. Shanga za bei nafuu kutoka China hazilingani ukubwa, na mduara ulioelezwa hapo juu hausamehe shanga isiyolingana. Maduka ya kumbukumbu ya Arusha hutaka vishika-funguo vingi, vya haraka, vya rangi za bendera. Mafundi huvitunga kwa sababu ada za shule hazingoji, na hakuna wa kuwalaumu. Lawama ni yetu tunaotoa bei ile ile kwa kazi ya siku moja na kazi ya wiki kadhaa, tukidhani zote ni shanga tu.

Kuna pia tofauti ya mwisho kati ya picha ya Washington na ushanga wa Meru. Chini ya picha imeandikwa Alma Thomas. Katika makumbusho mengi ya dunia, kibandiko cha ushanga kimeandikwa Wamaasai, kana kwamba kabila zima lilishika sindano moja. Hilo linarekebishika, na halihitaji fedha za wafadhili. Ukisimama Oldonyo Sambu siku ya mnada na ushanga ukakuita, muulize aliyeutunga jina lake kabla ya kuuliza bei. Muulize kwa nini alikata pale na si pengine. Akikubali, liandike jina lake nyuma ya kipande cha ngozi. Na wewe mwalimu wa sanaa, wa Arusha au wa Bagamoyo, unapofundisha uchoraji dhahania, mwite mama huyo darasani, umlipe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa.