Sifa za Msasa

Gari likikaa miaka kadhaa Masasi au Newala huwa na rangi mbili: iliyoandikwa kwenye kadi na iliyobakishwa na jua. Ubavuni, tuseme, bado ni la buluu. Kwenye paa na boneti limepauka, klia, ule utando wa juu unaong'aa, imebanduka mabaka mabaka, na kingo za mabaka hayo zinanasa ukucha ukizipapasa. Mwenye gari hapo ana njia tatu. Aliache lilivyo, alipeleke kwa fundi rangi, au akunje mikono ya shati na kuifanya kazi mwenyewe uani kwake. Nataka kuisifu njia hiyo ya tatu, na najua itakavyopokewa. Fundi atasema unaharibu kazi za watu. Jirani atasema unabana hela. Na yule aliyewahi kuuziwa gari lililopakwa rangi juu ya kutu atakukumbusha kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Huyu wa mwisho ndiye mwenye hoja. Rangi ya gari ina jina baya kwa sababu mara nyingi hupigwa siku gari linapotafutiwa mnunuzi. Mlango uliobonyea hujazwa puti nene, kutu hufunikwa, boneti hung'arishwa, na kabla mvua moja haijaisha mnunuzi anaona uvimbe mdogo mdogo ukijitokeza chini ya rangi. Lakini lawama hiyo ni ya muuzaji, haiuhusu ufundi wenyewe. Anayepiga rangi gari atakaloendelea kuliendesha hana wa kumdanganya. Kila alichokifukia leo atakutana nacho mwakani, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Kwanza tuuone ugonjwa wenyewe. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, tangu ile ya chini ya kuzuia kutu hadi klia ya juu, ina unene wa milimita 0.10 hadi 0.15 hivi. Utando huo mwembamba ndio unaosimama kati ya bati na dunia. Jua la kusini huivunjavunja klia taratibu, na paa na boneti ndizo hutangulia kwa kuwa ndizo zinazolitazama jua uso kwa uso mchana kutwa. Kisha kuna vumbi. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210 hivi, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu, na lami imekuwa ikiingia kipande kwa kipande. Vumbi hilo ni mchanga uliosagika. Anayelifuta kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, akidhani analitunza gari, analisugua msasa bila kujua.

Msasa ndio moyo wa kazi hii, ingawa sifa zote huenda kwenye bunduki ya rangi. Bunduki ina historia ya kuvutia, hilo halina ubishi. Allen DeVilbiss alikuwa daktari wa Toledo, Ohio, aliyebuni kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa, na mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa cha kupulizia rangi, mwaka 1907. Wakati huo magari yalipakwa kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, na kila moja ilisubiriwa ikauke, hata gari moja likachukua wiki nzima nzima. Mwaka 1923 kampuni za General Motors na DuPont zilitoa magari ya Oakland yaliyopigwa rangi ya Duco, iliyokauka haraka na kufaa kupulizwa. Subira ya wiki ikawa ya saa. Ila kuna subira moja ambayo hakuna aliyeipunguza, nayo ni ya kuandaa bati. Hiyo bado inafanywa kwa mkono, Toledo kama Newala.

Nilielewa jambo hili Masasi, kwa fundi mmoja mzee ambaye gereji yake ni mwembe na turubai. Nilimkuta ameinamia mlango wa nyuma wa gari, uso ameugeuzia kwingine kabisa, anauangalia mlima Mkomaindo, huku kiganja kikipita polepole juu ya bati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ushike hapa."

Nikashika. Nikamwambia pamenyooka.

"Umetazama," akasema. "Macho ni ya mteja. Fundi anatumia kiganja." Akanipa kitambaa chepesi cha pamba nikiweke kati ya kiganja na bati, nipitishe tena, safari hii mkono mzima ukienda mbele na kurudi. Kitambaa kiliondoa mkwaruzo wa ngozi, na bonde likajitokeza, pana kama sahani na halina kina hata cha kucha.

Puti ya kujazia bonde kama hilo ina masharti yake. Hadina yake, dawa ya kuigandisha, ni kidogo sana, kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti, na kwenye joto letu huanza kuganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo unachanganya ya kutosha kipande kimoja tu. Anayeongeza hadina ili aharakishe huishia na puti inayopasuka au kuacha doa linalopenya hadi kwenye rangi ya juu. Ikikauka, unaanza na msasa namba 80 kutengeneza umbo, unashuka 180, kisha 320, na kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Msasa unazungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Ukiusukuma kwa vidole vitupu, vidole vinachimba mifereji, na mifereji hiyo itaonekana siku rangi itakapoanza kung'aa.

Juu ya puti inakuja praima, rangi ya msingi, na baada ya praima kuna hatua ambayo mtu asiyeijua ataiona ni wazimu. Fundi huchukua rangi nyeusi ya kopo, akaipulizia kwa mbali ukungu mwembamba juu ya praima ya kijivu aliyotoka kuipiga kwa uangalifu, mpaka mlango ukawa kama umepakwa masizi. Kisha anaanza kusugua. Penye mwinuko weusi huondoka mara moja. Penye bonde weusi hubaki, kwa sababu mbao ya msasa inapita juu yake bila kuugusa. Dakika chache baadaye mlango umekuwa ramani ya makosa yake mwenyewe, madoa meusi yakionyesha kila mahali kiganja kilipodanganyika. Unajaza, unapulizia tena weusi, unasugua tena. Weusi ukiondoka wote kwa pamoja, sawasawa, bati limenyooka. Hakuna mwenye cheo wala kelele anayeweza kubishana na matokeo hayo.

Msasa wa mwisho, namba 600 na kuendelea, husuguliwa kwa maji, na hapo uwanda wa Makonde, ulikokaa Newala, una neno lake. Maji huku juu yamekuwa shida tangu zamani. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya watu, aliandika habari za wenyeji kuteremka mabondeni kuchota maji na kuyapandisha. Leo mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kutoka chanzo cha Mitema, na nyumba nyingi zina matangi ya kuvunia maji ya mvua kutoka paani, lakini bado ndoo ina heshima yake. Kwa hiyo fundi wa Newala hasugui gari kwa mpira wa maji kama anayemwagilia bustani. Ana ndoo moja na sponji. Maji ya msasa mkali huyaacha yatuame, akayatumia tena ya juu. Ya msasa laini hayarudii, maana chembe moja ya mchanga iliyobaki ndani yake hukwaruza kazi ya siku nzima.

Majira nayo yana ukaidi wake. Huku mvua hunyesha tangu kuelekea mwisho wa mwaka hadi kama Aprili, na korosho huvunwa karibu na mwanzo wa mvua hizo. Pesa za minada ya vyama vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, huingia mkononi wakati ule ule hewa inapojaa unyevu. Mtu ana hela ya rangi na hana hali ya hewa ya kuipigia. Akilazimisha, thina inapokauka kwa kasi hulipoza bati, unyevu unaganda juu yake, na rangi nyeusi inakauka ikiwa na weupe wa maziwa. Mwenye busara hununua vifaa pesa ikiwapo, akavitunza, akasubiri kiangazi.

Kiangazi nacho kina mshindani. Kuanzia Juni hivi hadi Agosti, mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na mkulima huianza kazi hiyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Saa hiyo hiyo ndiyo anayoitaka mpiga rangi. Salfa ikipeperushwa kutoka shamba la jirani hutua kwenye klia mbichi na kuganda humo milele. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kompresa unakwenda kwa jirani, unabisha hodi, mnapangana siku. Lakini jirani huyo huyo anaweza kukufundisha zaidi ya kitabu. Aliyebeba mashine ya salfa mgongoni miaka yote anajua kwamba mkono hausimami mashine ikiwa inatoa, na kwamba mwendo usio sawa huacha mti mmoja umejaa salfa na mwingine mtupu. Rangi inataka mwendo huo huo: bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, imelielekea bati uso kwa uso, haipindi kwa kifundo cha mkono. Unaanza kupulizia kabla ya ukingo wa mlango na kuachia baada ya kuuvuka, na kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza ni mwembamba, wa kushikilia tu. Unasubiri dakika 10 au 15, ndipo wa pili. Uani umekwisha kunyunyiza maji ardhini ili vumbi lilale.

Kuna jambo moja ambalo sifa hizi zisilifunike. Rangi na klia za kisasa zinazochanganywa na hadina hutoa kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zimewapa wapiga rangi wengi pumu isiyopona. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii chochote, na hata barakoa ya makaa haitoshi. Kazi hiyo inataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Anayeanza nyumbani achague rangi isiyo na hadina, afanyie mahali pa wazi, avae barakoa ya makaa kwa ajili ya thina, na ahakikishe jiko la mkaa la jioni halijawashwa karibu, maana mvuke wa thina unawaka. Na apige rangi ile ile ya kwenye kadi. Kubadili rangi ni kubadili taarifa za gari, na hiyo ni safari nyingine ya kwenda TRA. Aanze na mlango mmoja, au kifuniko cha buti, akimaliza ndipo afikirie boneti. Paa liwe la mwisho.

Uwanda huu unajulikana duniani kwa ufundi mwingine, wa kuchonga mpingo. Mchongaji naye alikuwa na msasa wake hata kabla karatasi haijafika dukani: majani ya mti wa msasa, yenye ukwaru wa kulainisha mbao. Lakini mchongaji husugua ili mkono wake uonekane vizuri zaidi. Kila mkunjo wa sura anauacha pale ili tujue aliuona. Fundi rangi husugua ili mkono wake upotee. Akifaulu, hakuna anayesema "angalia kazi ya fulani." Watu husema gari ni zuri, wakapita. Ni ufundi usio na saini, na unamtaka mtu atoe siku kadhaa za maisha yake kwa kitu ambacho ubora wake ni kutoonekana.

Ndiyo maana naisifu njia ya uani. Gari lililopigwa na anayeanza halitashindana na la kiwandani. Litakuwa na vumbi hapa na pale, na uso wenye mawimbi madogo jua likipiga ubavuni. Lakini mwenyewe anajua kilicho chini, bonde lipi lilijazwa, kutu ipi ilikwanguliwa hadi bati jeupe. Kwake yeye mkakasi umefunguliwa. Akienda kununua gari jingine, atageuza uso, apitishe kiganja mlangoni, na muuzaji ataanza kuona wasiwasi.

Na atajua jambo jingine, ambalo nadhani ni kubwa kuliko gari. Kila siku mafundi rangi wanasimama mbele ya wateja wanaouliza: rangi yenyewe lita mbili, bei ya lita inajulikana dukani, hizo nyingine ni za nini? Fundi hana cha kuonyesha, maana alichokifanya kimefutwa na kufaulu kwake. Aliyewahi kusugua mlango mmoja mpaka weusi ukaondoka wote sawasawa hataliuliza swali hilo tena. Akitajiwa bei ya gari zima, atajua ni ya siku zipi. Na hatamwomba fundi aharakishe ili apunguze gharama, kwa sababu siku za msasa ndizo alizokuja kununua.